Nei Tarateiti na Kibao Kilichofundishwa Kunyamaza

Nei Ruuti anaapa kwa mikono miwili kwamba kile kibao kilitamka.

Anasema alikuwa anapita njia ya mashimo ya magimbi, Jumatatu asubuhi, kengele ya shule imeshalia, ndoo ya nguo mkononi, ndipo akasikia shimoni kwa Ten Tekinaiti kitu kikisema, "Nimeshiba." Akasimama. Kikasema tena. Ndoo nusura imponyoke.

"Si mara moja, mara mbili," anasema Nei Ruuti. Kila akisimulia, mara zinaongezeka. Wiki iliyopita zilikuwa nne.

Ukweli ni mdogo kuliko huo, lakini ndio uliowasha moto. Kibao, kidude cha umeme cha kuonja maji, hakina mdomo. Kina vitaa vitatu, kila kimoja kama punje ya mchele: cha kijani, cha njano na chekundu. Asubuhi ile chekundu kiliwaka muda mfupi baada ya mzee kutoka shimoni na kapu tupu. Nei Ruuti akakiona. Na hapa Tebangaroa, kisiwani Nonouti, ambako bibi huitwa Nei na bwana huitwa Ten, kuona vile kunatosha kuangusha heshima ya mtu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwenye kibao yuko kazini. Nei Tarateiti, mama wa miaka thelathini na sita, ameketi juu ya ulingo wa nyumba yake, miguu ameikunja, kitambaa kimefungwa puani kuzuia moshi. Chuma cha kulehemu kimepata moto kutoka betri ya sola. Anagusisha ncha yake kwenye uzi wa risasi, risasi inayeyuka, inakuwa tone linalong'aa, linakaa pale alipolitaka. Anapuliza. Anahamia tone jingine.

Juu ya mnazi wa jirani mumewe, Ten Buraieta, anagema huku akiimba, kama wagema wote wa hapa wanavyoimba ili watu wa chini wajue kuna mtu juu na wasifanye mambo yao ya siri.

"Huyo anaimba akiwa na furaha au akiwa na njaa," anasema Nei Tarateiti bila kuinua macho. "Leo ni njaa. Nasikia kwenye sauti."

Kazi inayomlisha ni kutengeneza taa za sola, redio na simu. Alijifunza Tarawa, mafunzo ya wiki sita, miaka tisa iliyopita. Kutengeneza taa ni dola tatu, redio dola tano, na asiye na dola huleta samaki. Wiki njema, watu wakiwa wameuza nazi kavu, hupata dola arobaini. Wiki mbaya hupata samaki wengi kuliko wanavyoweza kula.

Kibao ni kitu kingine. Kibao hakutumwa na mtu.

Kilianza mwaka juzi, baada ya bamvua la Februari. Maji ya bahari kuu yalikuja kwa chini, kimyakimya, yakapenya mchangani hadi kwenye shimo la magimbi la kanisa. Hakuna aliyejua. Majani yalisimama mabichi siku nne. Siku ya tano yakaanza kulala, na walipong'oa wakakuta magimbi kumi na manne yameoza kama papai lililosahauliwa.

Magimbi haya, babai, si chakula cha kukatiza njaa ya leo. Hupandwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa na mababu hadi kufikia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hulishwa kwa makapu ya majani, na jingine husubiri miaka kumi kabla ya kuliwa. Harusi isiyo na babai ni wali na samaki tu, chakula cha Jumanne.

"Niliangalia uozo ule nikajiambia, maji yanajua siku nne kabla yetu," anakumbuka Nei Tarateiti. "Basi tuyaulize maji."

Aliagiza vipande kwa meli: chipu ndogo isiyozidi stempu, vizuizi vya umeme, waya. Vilichukua wiki saba kufika. Kwa kuonja maji alihitaji chuma kisichoshika kutu, nacho hakukiagiza. Alikata mipini ya vijiko viwili vya mama mkwe.

"Mpaka leo tunakula kwa vidole," anadakia Ten Buraieta, ambaye sasa ameshuka na chupa mbili za tembo tamu. "Mama akiuliza, tunasema ni kurudi kwenye mila."

Namna kinavyofanya kazi, Nei Tarateiti anaieleza kwa maneno machache. "Maji baridi ni mavivu, umeme hauna njia humo. Yatie chumvi, umeme unakimbia. Kibao kinapima mbio zake tu. Hakina akili zaidi ya hapo. Akili unaiandika wewe."

Na kuiandika ndiko kulikomtoa jasho. Alipewa kompyuta mpakato kuukuu na mwalimu aliyehama, yenye kioo chenye ufa na herufi tatu zisizobonyezeka, hivyo humlazimu kuzinakili kutoka maneno mengine. Programu ya kwanza aliinakili mstari kwa mstari kutoka kitabu cha kigeni, kamusi pembeni. Ilimchukua mwezi kukifanya kitaa kimoja kiwake na kuzima. Usiku huo aliwaita majirani waje kutazama. Walitazama. Wakamwambia hata taa ya dukani inawaka na kuzima.

Kibao cha kwanza alikitia kwenye shimo lake mwenyewe. Kwa wiki nzima kilisema maji ni baridi, ni baridi, ni baridi zaidi. Alifurahi mno. Kisha akavuta vijiti, akakuta vimevaa ganda jeusi, haviwezi kuonja chochote. Alikuwa ameuacha umeme ukipita mfululizo, nao ukavila vijiko vya mama mkwe polepole.

"Nilimpa mtu pilipili mdomoni mchana kutwa, halafu namuuliza chumvi imekolea?" anacheka. Akaandika upya: umeme upite kufumba na kufumbua, mara moja kila nusu saa, na kila mara ugeuze upande ulikotokea. Vijiti vikabaki safi. Mpaka katikati ya mwaka jana vibao tisa vilikuwa kwenye mashimo tisa.

Cha kumi aliomba kukiweka kwa Ten Tekinaiti.

Huyu ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, mzee wa miaka sabini na mmoja. Shimo lake ndilo la mwisho upande wa bahari kuu, ndilo la kwanza kufikiwa na chumvi. Ndani yake kuna gimbi moja la miaka kumi na mmoja ambalo jani lake linaweza kufunika meza ya padri. Limewekewa harusi ya mjukuu wake mwezi wa nne. Kijiji kizima kinalijua, ingawa wachache wamewahi kuliona.

Maana shimo la mtu halichunguliwi. Kila ukoo una namna yake ya kulisha babai: majani gani, yakauke kiasi gani, yachanganywe na nini, yatiwe siku ipi ya mwezi. Baba humwambia mwana. Mkwe haambiwi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni ya ukoo mmoja tu. Hata Nei Tarateiti, mpwa wa damu, hajui mjomba analisha nini. Ukoo wa mama yake una shimo lake, yeye amerithi la baba.

Mzee alikubali kwa sababu ya harusi. Alichukua kibao mwenyewe, akakiteremsha shimoni mwenyewe, akakifunga kwenye mti mkavu ukingoni. Mpwa wake alimwelekeza akiwa njiani.

Kosa lilikuwa limeshaandikwa ndani. Katika programu yake Nei Tarateiti aliamuru hivi: mbio za umeme zikipanda ghafla, washa chekundu. Mashimo tisa ya kwanza hayakumpa shida, kwa kuwa wenyewe hulisha majani matupu, na majani huoza taratibu. Lakini chakula cha Ten Tekinaiti hakikuwa majani matupu. Kila kilipoingia kwenye maji, umeme ulikimbia, na kitaa kikawaka kana kwamba bahari imeingia.

Nei Ruuti, ambaye hupita njia ile kila siku na ambaye Mungu hakumnyima hesabu, aliona chekundu siku ya tatu baada ya mwezi kuandama. Mwezi uliofuata, siku ya tatu. Mwezi wa tatu, vilevile. Akalipeleka kwa wanawake wanaosuka mikeka. Mikeka ilisimama.

Jumamosi yake kulikuwa na kikao maneaba, jumba la mikutano, kuhusu kuezeka upya paa la upande wa mashariki. Ten Tekinaiti alisimama kuzungumza. Kabla hajafika sentensi ya pili, sauti ikatoka nyuma: "Mzee, si unachelewa? Ya tatu ya mwezi ujao inakuja, watoto wa shimoni wana njaa!"

Jumba likaangua kicheko. Mzee akatazama huku na huku. Akaketi. Habari za paa hakuzimaliza.

Kesho yake asubuhi alikuja hadi kwenye ulingo huu, kibao mkononi kikichuruzika tope. Akakiweka chini.

"Chukua mtoto wako," akasema. "Ana mdomo."

"Hakunigombeza," anasema Nei Tarateiti. "Angenigombeza ningelala."

Kwenye kumbukumbu ya kibao kulikuwa na namba za miezi mitatu. Kila aliyejua kuzisoma angepata si siku tu, bali kiasi, na kwa kulinganisha na mashimo mengine angekaribia kabisa kujua mzee anatia nini. Nei Tarateiti alizifuta zote siku ile ile. Ukimuuliza kama alizisoma kabla ya kufuta, anainama, anapuliza risasi ambayo imeshapoa.

Siku chache baadaye Nei Ruuti alikuja na taa yake mbovu kwapani.

"Hodi humu! Bado unamlea msemaji?"

"Karibu. Kaa mbali na vijiti, visije vikakusema na wewe."

"Viseme nini? Shimo langu halina siri. Majani na uvivu."

"Dada, ulimwaibisha mjomba wangu."

"Mimi? Mimi niliona taa nikahesabu. Nimepewa macho, niyafanyeje, niyauze?"

"Ungeyafumba."

"Na wewe ungeifunika taa yako!" Nei Ruuti akamrushia. "Umeweka taa njiani halafu unalaumu wapita njia. Kwani mimi ndiye niliyeiwasha?"

Nei Tarateiti alichukua taa ya jirani yake akaitengeneza. Hata hela hakuchukua. "Hapo alinipata," anakiri. "Ana ulimi kama kisu cha kukwangulia nazi, lakini hapo alinipata."

Kutokana na maneno hayo kilizaliwa kitufe. Vitaa sasa viko chini ya kifuniko cha chupa ya dawa, na haviwaki mpaka mwenye shimo afungue na kubonyeza. Anayepita njiani anaona chupa tu.

Lakini kitufe ni kazi ya dakika ishirini. Kilichobaki kilikuwa kazi ya wiki tano: kukifundisha kibao tofauti ya bahari na chakula.

Jibu alilipata akiwa anasubiri maji yapwe ili akaokote chaza. Bahari haiji ikakaa. Inajaa na kupwa, mara mbili kwa siku, na chumvi ya bahari shimoni hupanda maji yakijaa na kushuka kidogo yakipwa. Chakula hakina habari na kujaa wala kupwa. Kikishaingia kimeingia, kinashuka polepole kama mtu mzima anayekaa chini.

"Kwa hiyo usikiulize kibao, je, imepanda?" anaeleza. "Kiulize, je, inapanda na kushuka pamoja na bahari? Ikipumua, ni bahari. Isipopumua, nyamaza, hayakuhusu."

Kwa hilo kibao kinahitaji kukumbuka siku moja tu na kipande. Akaandika: kila namba mpya inapoingia, ya zamani kuliko saa ishirini na tano ifutike. Mtu akikiiba leo, atakuta habari za jana. Za mwezi uliopita hazipo popote.

Majaribio yalifanyika kwenye ndoo ya maji ya mvua, nyuma ya jiko. Kwa siku tatu Nei Tarateiti alitia maji ya bahari kwa kikombe, akayapunguza, akatia, akapunguza, kwa saa za maji kujaa na kupwa. Siku ya nne akatupia kapu la majani yaliyooza pamoja na kutu ya makopo.

"Wenzangu wanavutiwa maji na mwezi," Ten Buraieta aliwaambia wagema wenzake. "Mimi ndooni kwangu anayevuta ni mke. Na hapiki."

Bahari ya ndoo ilipoingia, chekundu. Majani na kutu vilipoingia, kijani, kijani, kijani. Mara mbili kilikosea, kwa sababu jua lilipasha ndoo na maji ya moto hupitisha umeme upesi. Akaongeza kipima joto, kidogo kama punje ya pilipili manga, akaandika mistari kumi na moja zaidi. Tangu hapo hakijakosea.

Ndicho anachokimalizia asubuhi hii. Tone la mwisho la risasi limekaa. Anachomeka betri, anabonyeza kitufe kwa ukucha. Kijani. Anatabasamu peke yake, kisha anakumbuka kitambaa puani na kukivua.

Maisha haya anayapenda, na hafichi. Ana vipande vya vibao vingine sita kwenye kopo la biskuti. Wanawake wanne wameomba awafundishe kulehemu, akiwemo Nei Ruuti, aliyesema anataka kujua "mdomo unawekwa wapi". Kabla ya mwaka kwisha angependa kila shimo la Tebangaroa liwe na kibao, na kila kibao kitengenezwe na mwenye shimo mwenyewe, kwa mkono wake, asimtegemee mtu. Vifaa vya kimoja ni dola ishirini na mbili. Anakitoa kwa bei hiyo hiyo, au kwa samaki, ila samaki anaomba waje kwa zamu.

"Lakini hivyo ni vya baadaye," anasema. "Bamvua ni siku tisa."

Siku tisa kufikia maji makubwa kuliko yote ya mwaka, na shimo la mwisho upande wa bahari kuu halina kibao. Mjomba huonja maji yake kwa ulimi.

"Ulimi wa miaka sabini na mmoja, uliokula samaki wa chumvi miaka sabini," Nei Tarateiti anatikisa kichwa. "Ukijua siku ya kwanza, unang'oa gimbi likiwa zima, unalihamishia shimo la juu, harusi inalikuta. Ukijua siku ya nne unang'oa uji."

Anafunga kibao ndani ya chupa, anapaka nta kwenye mdomo wa chupa, anatoka. Ten Buraieta anamuuliza kama amekula. Anasema atakula akirudi. Njiani anakutana na Nei Ruuti, ambaye kwa mara ya kwanza katika historia anampisha bila kuuliza anakwenda wapi.

Mjomba yuko kazini. Kapu lake la majani liko ukingoni, kofia yake iko juu ya mti mkavu ule ule. Nei Tarateiti anakohoa akiwa mbali, kama inavyopasa, kisha anageuka, anausogelea ukingo kinyumenyume hadi hatua tatu, anasimama akiwa ameligeuzia shimo mgongo. Macho yake yako baharini. Mawimbi yanavunjika kwenye miamba, hayana haraka.

"Mjomba. Ni mimi."

"Nimekusikia," sauti inatoka chini. "Unakohoa kama mama yako."

"Nimekirekebisha. Taa zimefunikwa, utafungua wewe. Hakihesabu chakula tena, kinahesabu bahari tu. Na kinasahau, mjomba. Kila siku kinasahau. Hata mimi nikitaka kujua, siwezi tena."

Tope linasikika likibanwa kuzunguka shina, taratibu, na mikono inayojua kazi.

"Nilikosea," anasema. "Sikukosea kwa kukuchungulia, nilikosea kwa kutofikiri. Waliokucheka walinicheka na mimi."

Mikono inaendelea.

"Naomba unipe ruhusa, mjomba, kirudi shimoni leo. Ukikiweka wewe mwenyewe, mimi nitakaa hapa hapa nilipo."

Mikono inasimama. Majani ya babai yanasuguana kwa upepo, makubwa, mazito. Nei Tarateiti ananyoosha mkono nyuma yake, chupa imelala kwenye kiganja, na hageuki.